Haki ya Mjenzi wa Shimo

Kila mtu ajengaye mahali ambapo wengine watapita ana mamlaka juu yao. Mwenye nyumba huamua mlango uwe wapi na dirisha lisiwe wapi. Mtunga sheria huamua njia ipi iwe wazi na ipi ifungwe. Mwalimu huamua swali lipi litangulie na lipi lifuate. Mamlaka haya aghalabu hayaonekani, maana apitaye mlangoni hafikiri habari za seremala. Lakini uko mchezo mmoja ambamo huonekana wazi kama kiganja cha mkono, kwa kuwa mtu mmoja hujenga kila kitu, na wenziwe huingia wasijue lolote. Mchezo huo huchezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Ni mchezo mdogo, ila swali lililomo ni kubwa: mtu mwenye uwezo wote juu ya mahali, je, aweza kuwadhulumu waliomo? Na ikiwa aweza, haki yao ni ipi?

Mchezo huu ulizaliwa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dave Arneson, mtu wa jimbo la Minnesota, aliwazoeza wenziwe mchezo wa vita wa namna mpya. Badala ya kila mchezaji kuongoza jeshi zima, kila mmoja alikuwa mtu mmoja tu, mwenye jina na tabia yake, na uwanja wa mapambano ulihamishwa kutoka kondeni hadi chini ya ngome ya Blackmoor. Mwishoni mwa 1972 aliupeleka mchezo huo kwa Gary Gygax katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Gygax naye alichora mashimo chini ya ngome aliyoiita Greyhawk, na mwaka 1974 kanuni za mchezo, ziitwazo Dungeons & Dragons, zilitolewa katika vijitabu 3 ndani ya sanduku moja, nakala 1,000. Kijitabu cha tatu kilimwagiza mwamuzi wa mchezo kwamba kwanza achore ramani zisizopungua 6 za matabaka ya shimo lake, ayajaze mazimwi, agawe hazina, na aandike kila kimoja kipo wapi.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Mwamuzi hutwaa karatasi ya miraba, na kwa desturi kila mraba huhesabiwa kuwa futi 10 za sakafu ya mawe. Juu yake huchora shoroba, vyumba, ngazi, visima, milango ya wazi na milango ya siri. Kila chumba hukipa namba, na katika daftari huandika mbele ya namba hiyo kilichomo: hapa joka, pale sanduku la dhahabu, kule sakafu ifunukayo ikammeza mtu. Tabaka la kwanza huwa jepesi. Kadiri watu washukavyo, hatari huzidi na mali huzidi. Wachezaji hawaioni ramani hii. Husimuliwa tu kile kinachoonekana kwa mwanga wa mwenge, nao husema watendalo, na mmoja wao hujaribu kukichora kwa kusikia kile ambacho mwamuzi amekwisha kukichora kwa kujua. Katika kanuni za zamani hata mwanga una kipimo: zamu moja ni dakika 10, mwenge huteketea kwa zamu 6, na taa ya mafuta kwa zamu 24. Mwenge wa mwisho ukizimika mbali na ngazi, watu wale wamepotea.

Huenda mtu akasema kuwa habari za haki hazina mahali hapa. Afaye shimoni hafi. Huondoka mezani akala chakula chake cha jioni kama wengine. Hapana damu iliyomwagika ila wino, wala mali iliyoporwa ila tarakimu. Basi dhuluma itatoka wapi? Hoja hii ina nguvu, lakini imehesabu vitu vibaya. Mchezaji hakuuweka mwili wake hatarini. Ameleta mezani vitu vitatu vingine: saa za maisha yake, ambazo hazirudi, imani yake kwa mwenziwe, na hiari yake, yaani uwezo wake wa kufikiri na kuchagua. Vitu vitatu hivi ni vya kweli ijapokuwa joka si la kweli. Mtu aweza kuibiwa kitu cha kweli mahali pa kuwaza.

Haki ya kwanza, basi, ni haki ya kupewa dalili. Mwaka 1975, kwa ajili ya mashindano katika mkutano wa michezo ulioitwa Origins, Gygax alitumia kaburi la mchawi Acererak, ambalo lilipigwa chapa mwaka 1978 kwa jina la Tomb of Horrors. Kaburi hilo limebaki kuwa mfano wa ukali. Katika ujia wa mwanzo upo uso wa shetani wa rangi ya kijani, umechongwa ukutani, kinywa wazi, na ndani ya kinywa mna giza tupu. Ajitiaye humo huangamia pale pale, wala dadu haitupwi kwa ajili yake. Wengi wamelilaumu shimo hili kuwa ni machinjio. Lakini katika sakafu ya ujia ule ule mjenzi alitandaza mafumbo ya maonyo, na mojawapo lawaambia wageni waiepuke rangi ya kijani wakiweza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na hapa la mkuu lilikuwa limekwisha kusemwa.

Kwa mfano huu mtego wapambanuka na khiana. Mtego humwadhibu asiyetazama. Khiana humwadhibu hata aliyetazama. Alama ya damu iliyokauka mlangoni, vumbi lisilokanyagwa katikati ya sakafu, mifupa iliyolala upande mmoja tu wa chumba: haya ni maneno ya mjenzi kwa mgeni wake, na mgeni ayasomaye huokoka kwa akili yake mwenyewe. Walakini haitoshi kwa mjenzi kusema kwamba dalili ilikuwapo. Dalili ambayo hapana awezaye kuifahamu ila aliyeiweka ni siri iliyovikwa joho la dalili. Kipimo chake ni neno litamkwalo na wachezaji baada ya msiba. Wakisema, "Laiti tungalitazama," wametendewa haki, hata kama wote wamekufa. Wakisema, "Hapakuwa na la kutazama," wamedhulumiwa, hata kama wote wamepona.

Haki ya pili ni haki ya njia. Mwaka 1979 Jennell Jaquays alitoa kazi iitwayo The Caverns of Thracia, mapango yaliyo chini ya magofu, ambayo mpaka leo husifiwa na wajenzi. Sifa yake kubwa ni mpango wa njia zake. Kuingia si kwa mlango mmoja. Matabaka yameungana kwa ngazi nyingi, na shoroba hurudi zikakutana, hata mtu aliyezuiwa mbele aweza kuzunguka na kutokea nyuma ya adui yake, au kumwepuka kabisa. Hapo wachezaji hushauriana kweli, maana shauri lao lina kazi ya kufanya. Mmoja husema washuke. Wa pili husema wajifiche. Wa tatu husema wafanye mapatano na wale wa tabaka la juu dhidi ya wale wa tabaka la chini.

Wajenzi wachanga hudhani kwamba ukubwa ndio uhuru. Huchora vyumba 100, kisha huvifunga pamoja kama shanga katika uzi, na kujivuna kwamba wamejenga ulimwengu. Lakini uzi ni uzi, uwe mrefu uwe mfupi. Apitaye katika vyumba 100 vya namna hiyo amechagua mara moja tu, alipokubali kuingia. Baada ya hapo amesukumwa. Vyumba 10 vyenye njia za kukutana na kuachana vina uhuru zaidi kuliko hivyo 100. Uhuru wa mtu haupimwi kwa marefu ya safari yake. Hupimwa kwa idadi ya mahali ambapo hiari yake ingaliweza kuigeuza safari.

Katika haki hii ya njia limo tatizo gumu kuliko yote. Mjenzi ameandaa jitu la kutisha, na angependa wageni wake wakutane nalo. Wafika kwenye milango miwili. Wasikiliza, wachunguza nyayo, wabishana, hatimaye wachagua mlango wa kushoto. Jitu limo. Lakini lau wangalichagua wa kulia, jitu lingalikuwamo humo pia, kwa maana mjenzi ameazimia kuliweka popote watakapoingia. Je, amewakosea?

Watetezi wake husema hapana. Wachezaji walifurahi, hawakujua, wala hawatajua kamwe. Mjenzi ameokoa kazi yake isipotee bure. Fauka ya hayo, mlango ule mwingine haukuwa na kitu ila wino, na kuhamisha wino kutoka ukurasa hadi ukurasa si dhambi. Msimulizi wa hadithi hugeuza mambo atakavyo, na wasikilizaji humshukuru.

Majibu ni kwamba msimulizi wa hadithi hakumwomba msikilizaji shauri. Mjenzi wa shimo ameliomba. Kuiweka milango miwili mbele ya watu na kunyamaza ni kuwauliza neno: mwafikiri nini? Wao wakafikiri kwa uaminifu, wakatumia saa zao, na shauri lao likatupwa kabla halijatolewa. Watu walioitwa kupiga kura, na kura zao zisihesabiwe, wameonewa hata ikiwa aliyetangazwa mshindi ndiye yule waliyemtaka. Kutojua hakuondoi uonevu, huuficha tu. Tena kuficha kwenyewe hakudumu, kwani njia ya mwongo ni fupi. Siku wachezaji watakapotambua, hawatapoteza mlango mmoja; watapoteza milango yote waliyopata kuifungua, kwa sababu hawatajua ni upi uliokuwa mlango na upi uliokuwa ukuta uliochorwa.

Hata hivyo haifai kuzidisha ukali. Mjenzi ni mwanadamu, wala hawezi kuchora kila jiwe. Wageni wakivunja ukuta ambao hakuutarajia, naye akabuni papo hapo kilicho nyuma yake, hakusema uongo, maana hapakuwa na swali lililokwisha kujibiwa. Kuumba kilichokuwa hakijaumbwa ni haki yake. Asiloruhusiwa ni kukifanya chaguo la watu kuwa bure hali akiwaacha waamini kwamba lina uzito. Na kama hana ila chumba kimoja cha kuwaonyesha, heri aweke mlango mmoja. Mlango mmoja ulio wa kweli wawaheshimu wapitao kuliko miwili iliyo ya hadaa.

Baada ya njia huja habari za bahati na huruma. Dadu ya pande 20 hutupwa, nayo haina jamaa wala rafiki. Mwamuzi aghalabu hukaa nyuma ya pazia la karatasi ngumu, akatupa dadu zake mahali ambapo wengine hawazioni. Yawezekana mchezaji ametenda kila jambo kwa busara, na dadu ikamhukumu kufa. Mwamuzi pekee ndiye aionaye. Aitangaze, au aseme namba nyingine? Gygax mwenyewe, katika kitabu cha mwongozo wa waamuzi cha mwaka 1979, aliwapa ruhusa ya kuipinga dadu, na kushauri kwamba mtu aliyecheza vema akapatwa na mkosi mtupu aweza kupewa hasara nyingine badala ya kifo. Basi ruhusa ipo. Lakini ruhusa ni jambo moja na wema ni jambo jingine.

Huruma ya siri ina kasoro mbili. Kwanza, humpokonya mtu ushujaa wake. Yule avukaye daraja la kamba juu ya shimo lisilo na mwisho ni shujaa kwa sababu kamba yaweza kukatika. Akiwa yuko mkono wa siri utakaomdaka kila mara, amekuwa mtoto aliyebebwa ambaye hudhani kuwa atembea. Pili, huruma ya siri haina sheria. Leo humfikia mmoja, kesho humpita mwingine, na aliyepitwa hana mahali pa kulalamika kwa kuwa hajui kwamba mwenziwe alisamehewa.

Je, basi mwamuzi awe jiwe? Sivyo. Lakini ni vema kuchunguza kosa lilifanyika wapi. Dadu haikujiita yenyewe mezani. Mjenzi ndiye aliyeamua, alipokuwa peke yake na kalamu yake, kwamba mahali fulani maisha ya mtu yaliyochezwa kwa miezi mingi yategemee mtupo mmoja. Akiona uchungu kuitii dadu, uchungu huo ulikuwa haki yake auone siku ile aliyochora. Pale ndipo mahali pa huruma: kupunguza makali ya sumu, kuweka ukingo wa kushikilia, kuacha njia ya kurudi. Dadu ikiisha kutupwa, huruma yaweza kuja bado, ila ije hadharani. Mwamuzi na aiinue dadu aionyeshe, aseme kwamba hukumu ni kifo, kisha awashauri wote waliokaa mezani. Huruma iliyotolewa mbele ya mashahidi haiharibu sheria, huiongeza.

Hayo ni ya wageni. Lakini shimoni wamo na wenyeji. Mjenzi avivu hujaza vyumba kwa mazimwi kama mtu apangaye vyungu rafuni: kila kiumbe kimekaa katika namba yake, hakili, hanywi, hangojei kitu ila kuuawa. Chini ya ardhi halisi mambo hayawi hivyo. Huko Derinkuyu, nchini Uturuki, uko mji uliochimbwa katika mwamba laini kwenda chini kiasi cha meta 85, uliogunduliwa tena mwaka 1963. Waliojificha humo walichimba visima, matundu ya kupitisha hewa, mazizi na ghala, na milango ya mawe ya duara iliyofungwa kwa ndani. Kila chumba chaeleza haja ya mtu. Mjenzi wa shimo la kubuni akijiuliza maji yatoka wapi, moshi waenda wapi, na nani amwogopa nani, wenyeji wake huanza kuwa na nia zao. Na wageni, wakikutana na wenye nia, hulazimika kufikiri kabla ya kufuta upanga alani.

Kanuni za zamani zilikuwa na hekima katika jambo hili kuliko zinavyosingiziwa. Ziliweka jedwali la dadu mbili la kuamua tabia ya kiumbe akutwaye, ambaye aweza kuwa adui, aweza kusitasita, aweza hata kuwa rafiki. Tena ziliwapa wachezaji nukta 1 ya ujuzi kwa kila sarafu 1 ya dhahabu waliyoitoa shimoni, na kuua kulilipa kidogo sana kwa kulinganisha. Kwa hiyo mwerevu alikuwa yule aliyetoka na mali bila ya kupigana. Hapana shaka sheria hiyo nayo ina doa lake, maana yasifu kuchukua cha mwenyeji. Lakini angalau iliacha mlango wa maneno wazi, na mjenzi mwenye haki huupitia mlango huo kwanza anapowaumba wakazi wake.

Limebaki jina. Neno la Kiingereza litumiwalo kwa shimo hili lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambako maana yake ilikuwa mnara mkuu wa ngome. Kwa kupita karne likateremka kutoka kileleni hadi kuwa kifungo cha chini ya ardhi. Kiswahili kina safari ya namna hiyo. Neno gereza hunasibishwa na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, iliwafunga wafungwa wa serikali ya Kiingereza tangu 1895 hata 1958. Mawe hayabadiliki, kinachobadilika ni kama aliye ndani aweza kutoka.

Hapo ndipo ilipo haki ya mwisho, ishikayo nyingine zote: haki ya kutoka. Mchezaji ameingia kwa ridhaa yake, na kiti chake kaweza kukiacha saa yoyote. Haki hii humkinga mgeni, na humfundisha mjenzi mpaka wa uwezo wake. Yeye ndiye mfalme wa kila jiwe, lakini shimo lisiloingiwa ni karatasi yenye mistari. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Na hakuna mwenyeji amhitajiye mgeni kuliko huyu.

Yasalia kueleza kwa nini jambo dogo hili lastahili kufikiriwa na wazima. Mamlaka mengi ya duniani huzuiwa na macho ya watu: hakimu ana wasikilizaji, mtawala ana wapinzani, mfanyabiashara ana mizani ya wengine. Mjenzi wa shimo hana azuiaye. Aweza kuhamisha jitu, kugeuza namba, kufuta chumba, na asijulikane hata siku ya kufa kwake. Akikaa nyuma ya pazia lake la karatasi, akaiona dadu isiyompendeza, na akaisema kama ilivyo, ametenda haki mahali ambapo dhuluma isingalimgharimu kitu. Atakayezoea hayo juu ya karatasi amejifunza jambo ambalo wenye kujenga shule, sheria na nyumba za watu hulihitaji, nao ni wachache wapatao nafasi ya kujifunza bila ya kumwumiza mtu.